Kushuka na Msimbazi: shajara ya wiki moja na vijana wa bondeni

Jumapili, Vingunguti

Barua za kibali zimekamilika isipokuwa ya Kinondoni, ambayo tumeahidiwa kesho asubuhi. Ukitaka kuufuata Msimbazi kutoka vilima vya Pugu hadi baharini Salenda unapita Kisarawe mkoani Pwani, kisha Jiji la Dar es Salaam, kisha Manispaa ya Kinondoni. Mto mmoja, halmashauri tatu, na kila halmashauri ina muhuri wake, mtendaji wa kata wake na mwenyekiti wa mtaa wake anayetaka kuijua sababu ya ujio wenu.

Mwenyekiti wa hapa ameisoma barua mara mbili, kisha akauliza, "Hawa vijana ni wa wapi?" Nikamjibu ni wa humu humu bondeni: wengine wa Kigogo, wengine Mkwajuni na Hananasif, mmoja dereva bodaboda wa Ulongoni. Akavua miwani. "Basi mara hii mmekuja na wenye mto."

Kazi yenyewe ni hii: kujua kaya za bondeni zinajiandaaje kabla ya masika, zinaamkaje maji yakiingia, na zinasimamaje tena yakishatoka. Dodoso limekuja limeshapangwa na taasisi iliyotupa fedha. Swali la kwanza: Je, kaya yako imewahi kuathiriwa na mafuriko? Ndiyo au Hapana. Binti mmoja wa Mkwajuni, ambaye mwaka 2022 alikuwa karani wa sensa na kishikwambi anakijua kama kiganja chake, alicheka mpaka akaweka karatasi chini. "Huku nani atakujibu hapana?"

Tumekaa mpaka saa nne usiku tukilichambua. Wamefuta maswali mengi, hasa yale ya kupima furaha kwa namba moja hadi tano. Wameweka ya kwao: Nani alikuamsha? Ulianza kuokoa nini? Usiku wa kwanza ulilala kwa nani? Choo chako kilikuwaje? Hilo la mwisho lilibishaniwa sana, nitalieleza tukifika.

Nimefanya kazi za utafiti za kutosha kujua kawaida yake. Vijana huitwa mwishoni, mambo yote yakiwa yamekwisha kuamuliwa, wanavishwa vizibao, wanapewa posho na kuambiwa wakalete majibu. Kwenye ripoti hilo linaandikwa kuwa ni ushirikishwaji wa vijana. Jina sahihi la kazi hiyo ni kibarua.

Jumatatu, Kisarawe na Pugu

Tumepanda daladala alfajiri. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi bado upo, ingawa ukiutazama kwa juu una mabaka. Tumepokewa na mlinzi wa misitu anayepita njia zake bila kutazama chini. Ametuonyesha mapango yaliyobaki kwenye mgodi wa zamani wa kaolini, ule udongo mweupe laini, popo wamejaa humo, na vijana wamepiga picha nyingi kuliko utafiti unavyohitaji. Kisha akatupeleka penye tanuri la mkaa lililozimwa siku chache zilizopita. Majivu, visiki, na udongo mwekundu uliobaki wazi. Akamimina maji ya chupa yake juu ya udongo ule, yakateremka moja kwa moja. Akasogea hatua kumi, akamimina yaliyobaki kwenye majani makavu chini ya mti, yakanywewa palepale.

Hakuongeza neno, nasi hatukumwuliza. Kijana wa Hananasif ameandika mistari minne kuhusu hayo maji mawili, mizuri kuliko aya yangu ya utangulizi, kwa hiyo naingiza ya kwake.

Chini kidogo tulikikuta kijito. Unaweza kukiruka bila kukimbia. Vijana waliduwaa. Wamekulia kando ya Msimbazi, wameukimbia usiku wakiwa migongoni mwa mama zao, wameuona ukibeba majokofu na magodoro, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kufika ulikoanzia. "Huu ndio uliotutoa Mkwajuni?" aliuliza mmoja. Kutoka hapa hadi baharini ni kama kilomita 35, na njiani unapokea maji ya kila korongo na kila mtaro wa mji ambao sensa ya 2022 ilikuta una watu zaidi ya milioni 5.3.

Hapa kuna jambo ambalo wa chini wanalijua kwa mwili, na leo wameliona kwa macho. Mvua inaweza kunyesha Kisarawe na Pugu, huku Jangwani jua linawaka na nguo ziko kambani. Maji yanakuja baadaye, yakiwa yamekwisha kukusanyika. Dereva wa Ulongoni akasema taratibu, "Sisi tunayaona kwanza." Nimeliandika hilo pembeni na kulizungushia duara.

Jumanne, Ulongoni na Kinyerezi

Siku ya mchanga. Kuanzia Ulongoni kingo za mto zimechimbwa, malori yanaingia mpaka mtoni, na vijana wa makamo ya vijana wetu wanapakia kwa sepetu. Kila lori likiondoka, ukingo unabaki wima kama ukuta, na masika yakija ukuta ule unaporomoka na kuchukua uwanja wa mtu, kisha choo chake, kisha chumba cha nyuma. Tumeiona nyumba ambayo mlango wake wa uani unafungukia hewani. Wenyewe wamehamia vyumba vya mbele.

Wachimbaji hawakutaka picha, na ni haki yao. Fomu ya ridhaa inasema mtu anaweza kukataa, na inatakiwa imaanishe hivyo. Karani wetu wa sensa ameigeuza fomu ile iwe maneno ya kawaida: "Kaka, tunauliza kuhusu mto. Jina lako hatuandiki. Ukichoka kujibu, sema nimechoka, tunaondoka." Waliokataa picha wakakubali kuongea.

Mmoja wa vijana wetu amekuwa kimya tangu tulipofika. Baadaye ikajulikana kuwa alichimba hapa mwaka mzima baada ya kumaliza kidato cha nne. Yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine tusingethubutu kuliuliza: "Nyumba yako wewe iko juu au chini ya hapa?" Mchimbaji akaonyesha kwa kidole. Chini. Wote wawili wakacheka kicheko kisichokuwa na raha, wakaendelea na habari za bei ya lori.

Ukimtuma mtaalamu kutoka chuoni ataandika kwamba jamii inahitaji elimu ya mazingira. Yule mchimbaji anaijua hiyo elimu yote. Anachokosa ni kazi nyingine.

Jumatano, Tabata hadi Vingunguti

Jua kali, maneno machache. Tumepita pembezoni mwa Tabata, ambako zamani ndiko taka za jiji zima zilikuwa zikimwagwa. Mwaka 1988 wakazi walilipeleka jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na harufu, wakashinda, na dampo hatimaye likafungwa. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, kando ya mto uleule. Vijana hawakuwa wanaijua kesi hiyo. Mmoja akauliza kama walioshtaki walikuwa na kibali cha utafiti.

Bustani za mchicha zimejaa bondeni, na zinamwagiliwa maji ya mto unaopokea kila kitu. Mama mmoja anayelima alituambia anajua watu wanasema mchicha wake una sumu. "Na wao wanaununua." Tumechukua maelezo yake, hatukuchukua maji wala mboga za kupima, kwa sababu hatuna maabara, na kumpima mtu kwa macho ni kumwonea.

Miguu inauma. Tumelala makwetu.

Alhamisi, Mkwajuni na Hananasif

Barua ya Kinondoni ilikwisha kutoka, na leo ndiyo siku niliyokuwa naingoja na kuiogopa.

Tumeingia Mkwajuni na simu, futi na chaki. Chaki ilikuwa ya kuweka alama ukutani pale mwenye nyumba anaposema maji yalifika, tupime, tufute. Nyumba ya kwanza tu, kijana ameinua mkono wenye chaki, bibi mwenye nyumba akatoka mbio na kanga mkononi. "Usinichoree! Usinichoree!"

Anayeishi kwingine anaweza asielewe. Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde hili ziliwekewa alama ya X kwa rangi nyekundu, na greda likafuata. Kwa mtu wa Mkwajuni, mgeni anayechora ukutani anakuja kubomoa, awe amevaa kizibao gani. Kijana wetu, ambaye nyumba ya mjomba wake ilikwenda mwaka ule, aliirudisha chaki mfukoni akachuchumaa. "Shikamoo bibi. Mimi ni mjukuu wa fulani wa pale kwenye mkwaju. Hatuchori. Tuonyeshe kwa mkono tu." Bibi akamtazama sana. "Wewe si uliyekuwa unauza karanga?" Ndiye. Tukakaribishwa, tukaletewa mkeka.

Na kumbe chaki haikuhitajika. Pembeni mwa mlango wake wa chumbani, kwenye mbao za fremu, bibi ana mistari yake mwenyewe, imekwaruzwa kwa msumari. Wa chini kabisa hakumbuki mwaka. Wa katikati ni wa masika ya 2018. Wa juu ni wa Desemba 2011, ile mvua iliyoua watu wapatao arobaini jijini na kuwapeleka wengine kwenye viwanja vya Mabwepande. Mstari huo unamfika mtu mzima kifuani. Juu yake, karibu na dari, amepigilia ubao mrefu kama rafu. Pale vinakaa vyeti vya watoto, kadi ya kliniki, hati ya mauziano ya kiwanja na Msahafu, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mbili. "Kila kitu kingine kinanunulika," alisema. Jibu la swali letu la pili lilikuwa limepigiliwa ukutani tangu zamani.

Nyumba baada ya nyumba vijana wameuliza, "Nani alikuamsha?" Hakuna aliyetaja redio. Jirani. Mbwa. Mtoto aliyelia kwa baridi kwa sababu godoro limelowa. Spika ya msikiti, muadhini alipoanza kutangaza maji kabla ya wakati wa adhana. Nikawauliza juu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana tahadhari zao zinatoka kwa mpangilio unaojulikana: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Baba mmoja fundi viatu alijibu bila kuacha kushona. "Wanasema Pwani, Dar es Salaam, Tanga. Sawa. Mimi nataka waseme Mkwajuni, tena waseme saa ngapi." Hajalaumu, ameeleza pengo lilipo kwa usahihi kuliko kurasa kadhaa nilizowahi kuzisoma.

Sasa lile swali la choo. Watu wa bondeni, mvua kubwa inaponyesha, wengine hutapisha vyoo: wanafungulia shimo, maji ya mvua yanachukua kila kitu, na shimo limetapishwa bila gharama ya gari. Kila mtu anajua. Hakuna anayemwambia mgeni mwenye fomu, maana ni kosa na ni aibu. Na matokeo yake yanajulikana. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka nchini kilianzia jijini humu. Jumapili baadhi ya vijana walitaka swali liondolewe ili wasiwadhalilishe majirani. Karani wa sensa akasema litabaki, ila litaulizwa na anayetoka nyumba yenye choo cha namna hiyo, naye aanze kwa kueleza cha kwao. Ndivyo walivyofanya leo. Nilikaa mbali na mazungumzo hayo makusudi. Jioni walileta majibu ambayo, kwa miaka yote niliyofanya kazi hizi, sijawahi kuyapata: nani anatapisha, kwa nini, gari la kunyonya linashindwa kuingia uchochoro gani, na kaya ngapi ziko tayari kuchangiana shimo moja lililoinuliwa juu.

Hananasif, mahali Mto Ng'ombe unapoingia ukitokea Tandale, tumekutana na dada mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani na wenyeji, wakaandika mitaro, kalvati na vichochoro kwenye ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Alitoa simu akatuonyesha mtaro uliokuwa mbele yetu, nyuzi za bluu kwenye kioo. Mtaro wenyewe ulikuwa umejaa chupa. "Ramani bado iko sahihi," alisema, "mtaro ndio umekosea." Amewafundisha vijana watatu namna ya kuingiza marekebisho, kwa bando lake, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi.

Nimeandika mengi leo, na bado sijaandika habari ya viroba vya mchanga, ya vizingiti vilivyoinuliwa mpaka watoto wanapanda kama ngazi, wala ya kijana aliyenunua mashine ya kusukuma maji akawa anakodisha kwa majirani.

Ijumaa, Jangwani hadi Salenda

Asubuhi tu, maana ni Ijumaa na wengi wanakwenda msikitini. Jangwani bonde limepanuka na nyumba nyingi zimekwisha kuondolewa. Wenyewe walilipwa fidia ya mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupa mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Michoro ya mradi ina daraja refu na bustani kubwa ya jiji. Vijana waliitazama michoro hiyo kwenye simu kwa muda mrefu. Mmoja akauliza kama kwenye bustani wataruhusiwa kucheza mpira au kutakuwa na geti.

Karibu na Salenda, penye mikoko, tulikutana na mvuvi mzee anayetengeneza nyavu. Yeye ametupa kipande kilichokuwa kinakosekana. Mto, akasema, haufuriki peke yake. Ukishuka na maji mengi wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari inakuwa imejaa na haiyapokei. Maji yanarudi nyuma, yanapanda Jangwani na Mkwajuni. Yakishuka wakati wa maji mafu, hata yakiwa mengi, yanapata pa kwenda. "Nyie mnatazama wingu tu. Tazameni na mwezi."

Kijana wa Hananasif alifungua kalenda ya simu, akaanza kurudi nyuma kutafuta mwezi ulikuwa wapi kwenye kila tarehe waliyotajiwa jana. Amekosa swala ya kwanza, akaenda kuiwahi msikiti mwingine.

Jumamosi, mrejesho

Hii siku haikuwa kwenye bajeti. Taasisi inataka taarifa ifike kwake kwanza, ihakikiwe, ndipo wananchi wapelekewe muhtasari baadaye. Vijana walikataa kwa heshima. Walisema kila nyumba Mkwajuni iliwauliza jambo moja: mtarudi? Wamechanga wenyewe nauli na chai, mama lishe wa pale ofisini akaongeza vitumbua, na mwenyekiti ametoa viti.

Wamewasilisha kwa karatasi kubwa za kubandika, bila majina ya watu. Walianza na mistari ya bibi, wakafuata waamshaji, kisha ubao wa juu na vyeti. Choo wamekiweka katikati, kati ya mambo mengine, na wamekisema kwa lugha ambayo hakuna aliyeinamisha kichwa. Mtendaji wa kata aliandika tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi wa Mkwajuni alikuja, akasimama, akauliza karatasi hizo zitabaki wapi. Karani wa sensa akajibu nakala moja inabaki ofisini hapa, nyingine kwake, ya tatu ndiyo inakwenda kwa waliotoa fedha. Nilikuwa sijaambiwa mpango huo. Naukubali, na nitaujibia nikiulizwa.

Halafu dereva wa Ulongoni akasimama na lile neno lake la Jumatatu. Pendekezo ni jepesi: madereva wa kijiwe chake wako barabarani usiku kucha. Mto ukipanda darajani kwao, wanapiga simu kwa watu wawili Vingunguti, hao wanapiga Kigogo, Kigogo wanapiga Mkwajuni, na wa Mkwajuni wanakwenda kumwamsha muadhini. Wiki za bamvua, mvuvi wa Salenda anawatumia ujumbe wawe macho zaidi. Muadhini mwenyewe alikuwa ukumbini, akasema ufunguo wa chumba cha spika atampa na mtoto wake nakala.

Wakaanza kubishana papo hapo. Nani atalipia vocha? Simu ikizimwa na umeme haupo? Mtu akipiga usiku wa manane kwa mzaha? Mtendaji anasema ataulizia kama kikundi kinaweza kuombea ile mikopo ya halmashauri, asilimia nne ya mapato inayotengewa vijana, ingawa mkopo unataka biashara na hii si biashara. Kijana wa mashine ya kusukuma maji akasema yeye ana biashara, wajiunge naye. Nusu saa nzima ikaishia kwenye hesabu za mashine na vocha. Jaribio la kwanza la simu wamelipanga Jumanne saa nane usiku, bila kuniuliza, na nimeambiwa namba yangu imewekwa mwisho kwenye orodha kwa kuwa mimi nakaa Mbezi, mlimani.